Zanzibar tusipeleke tena timu ya wasichana CECAFA za vijana mpaka tujipange. Anayepinga aje

#1 Shangani77
Asalaam alaykum wana jukwaa. Sizunguki mbuyu. Mie nasema tusipeleke tena timu ya wasichana kwenye CECAFA za vijana, haya mashindano ya ukanda wetu wa Afrika Mashariki na Kati, iwe U17 (chini ya miaka 17), U18 au U20, mpaka tuwe na ligi ya skuli ya wasichana inayochezwa mwaka mzima na kambi za maana, si hizi za zimamoto. Kila tukienda ni kapu la magoli. Dada zao wakubwa ndio hivyo hivyo. CECAFA ya wanawake 2019 pale Chamazi, Dar es Salaam, Sudan Kusini walitupiga 5-0, nchi iliyopata uhuru wake 2011, na kwa timu yao ya wanawake huo ndio ushindi wa kwanza wa kimataifa. Sisi ndio tuliowafungulia kitabu. Sasa mtoto wa miaka kumi na sita akichezea kichapo cha namna hiyo mbele ya kamera, akirudi kwao anaendelea na mpira? Anaacha. Nipingeni.

#2 Yakhe_Kwerekwe
Waalaykum salaam. Yakhe, Zimamoto ni timu ya ligi kuu na ina wenyewe. Angalia usije ukaitwa.

#3 BintiWete
Napinga, tena kama mtu aliyevaa jezi. Shangani77 unataka watu wajue kuogelea ndio waruhusiwe kushuka pwani. Unajua CECAFA ya kwanza ya wanawake ilichezwa wapi? Hapa hapa Zanzibar, 1986. Halafu ikalala mpaka 2016 ilipofufuliwa Jinja, Uganda. Miaka thelathini. Aliyekuwa na miaka kumi na saba 1986 alifika 2016 anaitwa bibi. Huko ndiko tulikokaa "tukijipanga", na tulivyokwenda Jinja tukafungwa kama kawaida. Kusubiri tumeshasubiri.

Na tena, mimi nilifungwa mengi sana na sikuacha mpira kwa magoli. Niliacha nilipoolewa.

#4 MtuWaTemeke
Samahani wenyeji, mie wa bara. Swali la kijinga: Zanzibar si Tanzania? Inakuwaje Tanzania na Zanzibar ziwe kwenye mashindano mamoja, zicheze zenyewe kwa zenyewe?

#5 MzeeWaBaraza
Kijana wa Temeke, si swali la kijinga, linaulizwa kila mwaka. FIFA wanamtambua TFF, shirikisho la Tanzania, peke yake. CECAFA ni ya ukanda, na huko sisi ni mwanachama kamili tangu zamani, kati ya wale kumi na wawili. CAF, shirikisho la Afrika, walitupokea 2018 halafu wakatutoa. Kwa hiyo msichana wa Zanzibar akitaka kuvaa jezi yenye jina la Zanzibar mbele ya taifa jengine, mlango rasmi ni CECAFA. Kombe la Dunia la U17 au U20 atacheza Tanzania, akichaguliwa.

Ndio maana hoja ya Shangani77 inaniuma. Mlango mmoja tulionao unasema tuufunge wenyewe kwa komeo.

#6 Jirani_wa_Mao
Mzee wangu shikamoo. Ni 2017, si 2018. Tulipokelewa Machi Addis Ababa tukawa wanachama wa 55, na Julai ya mwaka ule ule tukatolewa Rabat. Sababu waliyotoa ni kwamba CAF haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja. Miezi minne tu tulikaa ndani.

Vilabu vyetu lakini vinacheza za CAF. Hata wanawake, New Generation Queens walikwenda Nairobi 2021 kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa wa ukanda wetu.

#7 MzeeWaBaraza
Marahaba. Machi au Julai, tulitolewa.

#8 Kocha_Mchangani
Nawaachia siasa wenyewe. Mimi nafundisha wasichana shamba huku, shehia siitaji. Kinachotufunga nakijua na hakimo kwenye ripoti ya mtu yeyote: mtambaa panya.

Goli letu la mazoezi ni boriti mbili za mkandaa zimechimbiwa ardhini. Juu hakuna kitu. Golikipa wangu kajifunzia hapo tangu yuko darasa la tano. Mpira ukimpita juu ya vidole wenzake wanapiga kelele "umetoka juu!", na mimi mwamuzi naamua kwa jicho tu. Kwa hiyo kazoea kwamba kila mpira wa juu ni wa kuachia. Siku ya kwanza nilipompeleka kwenye goli la kweli, mita 7.32 kwa 2.44, aliweka mgongo kwenye mlingoti mmoja akahesabu hatua mpaka wa pili, akarudi katikati, akanyoosha mkono juu. Haufiki. Akaruka, akaugusa kwa kucha. Akaniambia, "Mwalimu, hili goli la watu wangapi?"

Sasa kaangalieni magoli tunayofungwa na Uganda au Ethiopia. Mtu anapiga toka mita ishirini na tano, mpira unapaa, unashuka nyuma ya golikipa, mikono yake ipo kiunoni. Mnamlaumu mtoto. Hajawahi kufungwa goli la namna ile, maana kwetu lile si goli.

#9 Yakhe_Kwerekwe
Kocha, si ufunge kamba juu?

#10 Kocha_Mchangani
Nilifunga. Mwenye ng'ombe kaichukua.

#11 Yakhe_Kwerekwe
😂😂 Basi adui wa soka la wanawake kapatikana. Fungeni uzi.

#12 Kijana_wa_Chuoni
Asalaam alaykum. Naona mnaukwepa ukweli. Huku kwetu mzazi hataki binti yake akimbie uwanjani na kaptura mbele ya wanaume. Si ushamba, ni stara. Wakubwa wa mpira wa dunia wamekataza hijabu, sasa unategemea mzazi wa Makunduchi afanye nini? Hamtopata wachezaji mkatoa watoto bora ishirini na tano. Mtapata wale wale ambao kwao wameruhusu.

#13 DadaNungwi
Ustadhi, hijabu haijakatazwa. Kabla ilikuwa na tabu kweli, Iran walizuiwa kucheza mechi yao na Jordan 2011 kwa ajili hiyo hiyo. Lakini 2014 sheria ilibadilishwa, ushungi ukaruhusiwa moja kwa moja. Na 2023 kule Australia Nouhaila Benzina wa Morocco kacheza Kombe la Dunia la wakubwa kavaa hijabu yake, dunia nzima imeona. Taiti ndefu, mikono mirefu, ushungi wa michezo, vyote ruhusa. Kanuni si kisingizio tena. Ni miaka zaidi ya kumi sasa.

#14 Kijana_wa_Chuoni
Ahsante kwa taarifa. Lakini dada yangu, kanuni kuruhusu na babake kuruhusu ni vitu viwili.

#15 BintiWete
Hapo #14 ana haki, na nimwongezee. Kwetu haikuwa nguo hata siku moja. Ilikuwa saa. Skuli mchana, ukirudi unakula, chuoni alasiri, ukitoka chuoni jua linazama, na maghrib msichana awe ndani. Kaka yangu alikuwa na ratiba hiyo hiyo ila yeye maghrib yake ilikuwa inasogea. Mazoezi yetu tulifanya Ijumaa na Jumapili basi. Mwenzako wa Kampala anafanya kila siku. Hakuna kocha wa kuziba pengo hilo hata mumlete kutoka Ulaya.

#16 MpembaHalisi
Nyote mnaongea kama Zanzibar ni Mjini Magharibi. Mimi nauliza: kwenye hizo timu za wasichana mnazopeleka, wa Pemba wangapi? Vipaji vipo. Nendeni Konde, nendeni Micheweni, muone watoto wanavyokimbia na mpira mchangani bila viatu. Majaribio yakiitwa yanaitwa Unguja. Mtoto wa Micheweni aamke usiku, ashuke Mkoani kusubiri meli, mkondo wa Nungwi umtapishe mpaka nyongo, afike bandarini hana rangi, alasiri aambiwe "haya onyesha". Ataonyesha nini? Atarudi ameandikwa "hana pumzi".

Gombani kuna uwanja. Mapinduzi Cup 2025 ilichezwa pale, timu za taifa zilikuja, Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso fainali. Kama Burkina Faso walifika Chake, kocha wa U17 anashindwa nini?

#17 Yakhe_Kwerekwe
Mpemba, meli siku hizi zina viyoyozi. Mnatapika kwa mazoea tu.

#18 MpembaHalisi
Panda upepo wa kusi ukivuma, kisha urudi hapa uandike hayo.

#19 Shangani77
Naona mnanipa hoja wenyewe. Mara hakuna mtambaa panya, mara hakuna saa za mazoezi, mara Pemba hawafikiwi. Haya yote ndiyo ninayosema YATANGULIE. Nyie mnataka twende tu tukajaze nafasi. Ile U17 ya 2023 pale Chamazi tulikwenda kufanya nini?

#20 Jirani_wa_Mao
Ilikuwa U18, si U17. Timu tano: bara wenyeji, sisi, Uganda, Burundi na Ethiopia. Mtindo wa ligi, kila timu inacheza na kila timu, maana yake kila mtoto wetu alipata nafasi ya kuona mechi nne za kimataifa kwa mkupuo mmoja. Hapa nyumbani atazipata wapi? Mie nakaa karibu na viwanja vya Mao, ligi ya wanawake naitazama kila ikichezwa. JKU Princess wakishuka, wapinzani wengi wanakuwa wanajilinda tu. Mchezaji mzuri wa JKU anamaliza msimu hajabanwa na mtu. Akikutana na beki wa Uganda anayekuja kwa kasi ileile ya kwake ndio anagundua kuwa mpira unapokewa ukiwa tayari umeshatazama nyuma. Hilo halifundishiki kambini.

#21 MtuWaTemeke
Ninaongeza moja na msinipige mawe. Wachezaji wenu wazuri wanakuja kwetu. Akionekana tu, Simba Queens, Yanga Princess, JKT Queens, Fountain Gate wapo mlangoni. Akishakuwa huku anaitwa timu za vijana za Tanzania. Sasa timu yenu ya CECAFA inabaki na nani?

#22 MzeeWaBaraza
Hilo ni kweli na ni chungu. Lakini nani atamwambia mtoto asiende? Tanzania ikifuzu atacheza Kombe la Dunia. Serengeti Girls, timu ya wasichana U17 ya Tanzania, 2022 India walifika robo fainali, chini ya kocha Bakari Shime. Waliwafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakatolewa na Colombia. Sisi kwa jezi yetu wenyewe hata mchujo hatuuingii. Mzazi mwenye akili atachagua nini?

#23 Karafuu_Kavu
Serengeti Girls nilikwenda kuwashangilia mechi ya mwisho ya kufuzu na Cameroon kwa Mkapa. Raha iliyoje.

#24 DadaNungwi
Kwa Mkapa gani? Ile mechi ya marudiano na Cameroon ilichezwa AMAAN, Juni 2022. Walishashinda kule kwao 4-1, hapa wakamalizia 1-0. Nilikuwepo, jukwaa la saa, sauti ilinikauka siku mbili. Mbele yangu walikaa wasichana wa skuli na sare zao, kila Serengeti Girls wakigusa mpira wao wanapiga kelele kama wanafukuzwa na nyuki. Uliza leo wangapi kati yao wanacheza. Pengine hata mmoja. Ila siku ile hakuna mtu aliyewaambia mpira ni wa wanaume.

#25 Karafuu_Kavu
Labda nilikwenda nyingine.

#26 Yakhe_Kwerekwe
Labda ulikwenda mechi ya Yanga ukasahau.

#27 Mama_Sare
Ahsanteni kwa mada. Mie si mtaalamu, ni mzazi. Binti yangu anacheza, beki wa kushoto. Mwaka fulani aliitwa kambi ya timu ya vijana naye yupo kidato cha pili. Tarehe za mashindano zikaja juu ya mtihani wa taifa. Nikaenda skuli kuuliza kama kuna utaratibu. Nikaambiwa hakuna, achague. Nikampigia wa timu, naye akasema achague. Nilikaa na yule mtoto ukumbini, kaufunga mkoba wake wa mazoezi anasubiri neno langu. Nilichagua mtihani na hakunisemesha wiki nzima. Mpaka leo najua nilifanya sawa na najua pia nilimvunja.

Sasa nyie mnaosema wazazi wanakataa kwa ajili ya dini, kuna wengine tunakataa kwa ajili ya cheti. Mtu akinipa karatasi inayosema mtoto atafanya mtihani wake baadae bila kupoteza mwaka, mie nitambebea mkoba mwenyewe mpaka bandarini.

#28 BintiWete
Mama_Sare pole sana. Kauli yako iwekwe juu ya uzi.

#29 Pwani_Mchangani
Ndio maana wenzetu wa Kenya wametupita. Kule mpira wa wasichana umo NDANI ya skuli. Butere Girls, Nyakach Girls, ni skuli zenye majina kwa mpira. Mtoto anasoma na kucheza mahali pamoja, mwalimu mkuu mwenyewe anataka kombe. Matokeo yake 2024 wasichana wao wa U17 wakawa timu ya kwanza ya Kenya ya mpira wa miguu kucheza Kombe la Dunia lolote, Jamhuri ya Dominika, na wakaifunga Mexico. Wavulana wao hawajawahi kufika. Skuli, wakuu. Dawa ni skuli.

#30 Kocha_Mchangani
Nakubali nusu. Kenya wana mabweni. Msichana wa bweni maghrib hamsumbui mtu, yupo uwanja wa skuli na mwalimu wake. Zetu nyingi ni za kutwa, tena kuna zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Uwanja wa skuli alasiri una zamu nyengine inasoma pembeni, ukipiga mpira unavunja kioo. Kwa hiyo dawa ya Kenya ukiileta kavu kavu itakwama.

#31 Kijana_wa_Chuoni
Na idadi yetu je? Sisi hatufiki hata watu milioni mbili. Uganda na Ethiopia ni bahari.

#32 Jirani_wa_Mao
Sensa ya 2022 ilitupa milioni 1.89, sawa. Lakini idadi ile ile imetoa mabingwa wa CECAFA U15 wavulana 2023 kule Uganda, tukawafunga wenyeji kwa penalti. Na kaka zao walichukua Challenge, kombe la CECAFA la wakubwa, 1995 Kampala, tena mbele ya Uganda wenyewe. Kwa nini wingi wa watu uwaonee wasichana tu?

#33 Kijana_wa_Chuoni
Kwa sababu wavulana wote wanacheza. Wasichana wanaocheza ni wachache ndani ya wachache. Ndiyo niliyosema #12.

#34 Shangani77
Hapo Ustadhi na mimi tunakutana. Ongeza wanaocheza kwanza, kisha safiri.

#35 DadaNungwi
Na wataongezeka vipi kama hawaoni mtu wa kumwiga? Mtoto anaanza mpira kwa sababu kamuona dada wa mtaa wao kapanda boti na begi la timu ya taifa. Ukiifuta hiyo safari umefuta sababu ya kuanza. Mwenzangu hapa mtaani kaanza hivyo hivyo.

#36 Karafuu_Kavu
Mie naona mnasahau umri. Wenzetu wanaleta watu wazima. Wengine wakisimama na watoto wetu kwenye wimbo wa taifa utadhani mama kaja kuwachukua skuli.

#37 MzeeWaBaraza
Tuhuma hizo kila nchi inamrushia mwenziwe, na bila ya ushahidi ni maneno ya mfungwaji. Tena tukianza kukagua vyeti tuanze na vyetu.

#38 Karafuu_Kavu
Mzee, umbo la mtu linaonekana.

#39 Mama_Sare
Binti yangu ana miaka kumi na sita na ananipita kwa kichwa kizima. Mtamkagua?

#40 Pwani_Mchangani
Tukirudi kwenye mada: Kocha #8, ile ya mtambaa panya imenikaa. Fundi wa vyuma atachukua kiasi gani kutengeneza goli moja kamili la bomba?

#41 Kocha_Mchangani
Bomba lenyewe si tatizo kubwa. Tatizo usiku. Likiwa la chuma likilala nje halipambazukiwi, linakwenda kwa wanunua vyuma chakavu. Lazima liwe la mbao, au la kufungua na kulaza nyumbani kwa mtu. Nimemwambia sheha, ameniambia nilete barua. Barua nimepeleka.

#42 Jirani_wa_Mao
La kufungua ndiyo njia. Na wekeni vipimo sawa sawa, msifanye dogo kwa kumwonea huruma golikipa.

#43 DadaNungwi
Mimi nina njumu jozi mbili namba 38, hazijachoka, na glovu za golikipa zimebaki kwa mdogo wangu aliyeacha. Kocha niandikie pembeni, nitazileta Darajani Jumamosi.

#44 Kocha_Mchangani
Allah akulipe. Namba 38 nina watatu wanagombania moja. Glovu ndio kabisa, huyu wangu anavaa za kaka yake, kajazia vitambaa kwenye ncha za vidole.

#45 MpembaHalisi
Na Pemba je? Au huko njumu nazo hazivuki Nungwi?

#46 DadaNungwi
Jozi moja Pemba basi. Nitume kwa meli ipi na nani atapokea Mkoani?

#47 Yakhe_Kwerekwe
Mtumie kwa jina la Mpemba. Akitapika, viatu vitakuwa vimeshafika.

#48 MpembaHalisi
Napokea mie, nakuandikia. Ila nimeuliza swali #16 na hakuna hata mmoja wenu aliyenijibu: wa Pemba wangapi?